Kuchagua Programu ya Simu ya Kujifunzia Kithai

Kwa baadhi yetu Thailand si nchi ya kwenye ramani tu. Kule Arusha ziko nyumba ambazo baba husafiri kwenda Bangkok na Chanthaburi kuuza mawe ya vito, na tangu machimbo ya Tunduru yalipovuma katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi Wathai wamekuwa wakija wenyewe kuyafuata. Wapo akina mama wanaofuata nguo za jumla katika soko la Pratunam. Wapo wazazi ambao watoto wao wanafundisha Kiingereza katika shule za kule, wapo waliopata mkwe Mthai, na wapo wanaosindikiza mgonjwa kwenda kutibiwa Bangkok. Hawa wote huuliza swali moja: niweke programu gani katika simu yangu ili nijue Kithai angalau cha kujisaidia?

Wengi huanza kwa kuitafuta Duolingo, ile ya ndege wa kijani, kwa sababu watoto wanaijua. Usipoteze jioni yako. Programu hiyo inafundisha hata Kiswahili tangu mwaka 2017, lakini mpaka mwaka 2025 haikuwa na somo la Kithai kwa wageni. Inawafundisha Wathai Kiingereza. Zilizobaki ni nyingi, na karibu zote hueleza masomo yake kwa Kiingereza, kwa hiyo sisi tunajifunza lugha ya pili kwa kupitia ya tatu. Hilo lisikutishe. Linalotakiwa ni kujua utakachokipima kabla ya kulipa.

Nami nasema kipimo cha kwanza ni sikio, wala si picha nzuri au zawadi za nyota.

Kithai kina toni tano: ya kati, ya chini, inayoshuka, ya juu na inayopanda. Neno lile lile likibadilishwa toni huwa neno jingine kabisa. Chukua neno la kwanza ambalo muuguzi yeyote angelitafuta, yaani dawa. Dawa ni yaa, kwa sauti ya kati iliyonyooka. Ukilitamka yaa hilo kwa sauti ya chini, maana yake ni katazo, kama kusema "usi-". Ukiishusha sauti kutoka juu, umetaja nyasi, au umemtaja bibi mzaa baba. Wathai husema "kula dawa", kin yaa, pale sisi tunaposema kunywa au kumeza. Sasa geuza maneno hayo na kuiteremsha sauti, yaa kin, nawe umesema "usile". Mama aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa akishika vidonge mkononi hawezi kuichukulia tofauti hiyo kama mchezo.

Daktari naye ni moo, kwa sauti inayopanda. Kwa sauti inayoshuka ni chungu cha kupikia. Tumbo ni thoong kwa sauti ya juu, na kwa sauti ya kati ni dhahabu. Mwanamke mwenye mimba husemwa "ana tumbo", na ukikosea toni umesema ana dhahabu, jambo ambalo labda halitamchukiza. Lakini klai kwa sauti ya kati ni mbali, na klai kwa sauti inayoshuka ni karibu, na hapo unaweza kutembea njia nzima na mtoto mgongoni ukidhani hospitali iko hapo tu.

Kiswahili chetu hakina toni, ndiyo maana tukiona maneno hayo yameandikwa tunayaona sawa. Ila dada yangu uliyelelewa kwa Kikuyu, Kichaga, Kihaya au Kijaluo, wewe una sikio tayari, maana lugha hizo hutofautisha maneno kwa kupandisha na kushusha sauti. Hazina mpango ule ule wa Kithai, lakini jambo lenyewe si geni kwako.

Kwa hiyo jaribu hivi. Fungua programu katika ile sehemu ya bure, tafuta dawa, usi- na nyasi, kisha funga macho na usikilize. Je, ni sauti ya mtu au ya mashine? Je, unaweza kuirudia polepole? Je, maandishi ya kilatini yana alama juu ya herufi za kuonyesha toni, au yote yameandikwa ya tu? Serikali ya Thailand ina utaratibu wake rasmi wa kuandika majina kwa herufi za kilatini, ambao unauona kwenye vibao vya barabarani, na utaratibu huo hauonyeshi toni wala urefu wa irabu. Kwa vibao unafaa. Kwa kujifunza kusema haufai, na programu inayoutumia peke yake mimi ningeiacha.

Hapa kuna mtego mwingine unaotunasa sisi kuliko wengine. Ukiona th katika maandishi hayo, usisome kama katika thamani. Ni t yenye pumzi. Na ph si f, ni p yenye pumzi. Ndiyo maana kisiwa cha Phuket hutamkwa Puket. Wasemaji wa Kimvita watacheka, maana kwao paa la nyumba na paa wa porini hutofautishwa kwa pumzi hiyo hiyo tangu utotoni. Tena tuna faida nyingine: nyoka kwa Kithai ni nguu na kazi ni ngaan, kwa ile ng' ya ng'ombe. Wazungu huisumbukia sauti hiyo kwa majuma, sisi tunaipata siku ya kwanza. Kinachotusumbua ni mwisho wa neno. Kithai hufunga maneno kwa p, t na k zisizoachiliwa, nasi ulimi wetu unataka kuweka irabu pale mwishoni, upendo ambao ni rak ukawa "raki".

Kipimo cha pili kinatuhusu sisi wanawake hasa. Katika Kithai mwanamke na mwanamume hawasemi adabu kwa neno moja. Mwanamke humalizia usemi wake na kha, kwa sauti inayoshuka akieleza jambo na kwa sauti ya juu akiuliza. Mwanamume husema khrap. Hata "mimi" hutofautiana: mwanamume husema phom, mwanamke chan, au dichan pakiwa na heshima zaidi. Programu yenye sauti ya mwanamume peke yake itakufundisha kusema kama mumeo. Basi kabla ya kulipa sikiliza masomo matatu ya mwanzo na uhesabu: ziko sauti za wanawake, na je, tofauti hiyo imeelezwa mapema, au imefichwa somo la 20?

Angalia pia kama inafundisha majina ya ukoo. Wathai huitana kwa ukoo kama sisi. Muuza matunda aliyekuzidi umri kidogo ni phii, yaani dada au kaka mkubwa. Aliye mdogo ni noong. Mama wa makamo ni paa, ambalo kwao ni dada mkubwa wa baba au wa mama. Bibi mzaa mama ni yaai, na mzaa baba ndiye yule yaa tuliyemwona akichanganyika na nyasi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini humwiti mtu mzima kwa jina tupu. Programu nyingi hurukia hotelini na mkahawani, zikisahau kwamba watu husalimiana kwanza.

Kuhusu maneno ya afya, tafuta maumivu, homa, mzio wa dawa (phae yaa), na hesabu ya vidonge. Kithai hakina ngeli kama zetu, lakini kila kitu kina neno lake la kuhesabia: watoto watatu ni "mtoto watatu mtu", na vidonge viwili ni yaa song met, "dawa mbili kidonge". Hospitali huitwa rong phayabaan. Rong ni jengo, phayabaan ni uuguzi, na ndilo neno lenyewe la muuguzi. Naomba radhi kwa kufurahia hilo. Jambo jingine la kuangaliwa ni tarehe. Wathai huhesabu miaka ya Kibudha, ambayo huzidi yetu kwa 543, kwa hiyo mwaka 2025 kwao ulikuwa 2568. Chupa ya dawa yenye mwaka 2568 haitadumu miaka mia tano. Toa 543 kabla ya kumpa mtoto.

Mwenye kijana anayesafiri kikazi nimwambie na hili. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya raia wake juu ya kazi za uongo zilizotangazwa kuwa ziko Thailand, ambapo vijana walifikishwa Bangkok, wakavushwa mpaka kuingia Myanmar na kulazimishwa kufanya utapeli wa mitandaoni. Mwezi Februari 2025 Wakenya walikuwa miongoni mwa maelfu ya watu waliotolewa katika kambi hizo. Kwa hiyo hata kabla ya "habari za asubuhi", mwanao ajue chuai duai, yaani "nisaidieni", yote mawili kwa sauti inayoshuka, na awe na namba hizi kichwani: 191 polisi, 1155 polisi wa watalii, 1669 gari la wagonjwa. Programu isiyo na somo la dharura ina upungufu mkubwa.

Sasa zile zenyewe. Ling imetengenezwa Chiang Mai, huko huko Thailand, na Kithai chake kimepewa nafasi ya kutosha. Inaonyesha maandishi ya Kithai pamoja na ya kilatini. Pimsleur ni ya kusikiliza, somo la nusu saa bila kutazama simu. Hiyo humfaa mama mwenye mikono michafu ya unga, na kwa maoni yangu ndiyo inayofunza ulimi vizuri zaidi mwanzoni, ingawa haifiki mbali. Drops ni ya picha na maneno, inapendeza, nayo imejulikana kwa dakika zake tano za bure. Itakupa majina ya matunda lakini si sentensi. Anki ni kadi za kukumbushia. Kwenye simu za Android ni bure, kwenye iPhone hulipiwa, na inataka mtu mwenye subira. Na kwa wasiotaka kulipa kabisa ipo kozi ya zamani ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani, iliyochapishwa mwaka 1970, ambayo hupatikana bure pamoja na sauti zake. Imepitwa kwa mambo ya simu na bei, ila mazoezi yake ya toni ni ya kweli.

Wizara hiyo hiyo hukadiria kwamba mwanadiplomasia anayesema Kiingereza anahitaji saa za darasani zipatazo 1,100 ili akimudu Kithai kikazi, na 900 kwa Kiswahili. Dakika tano kila siku ni saa 30 kwa mwaka. Fanya hesabu mwenyewe, utafikisha miaka 36. Nusu saa kila siku kwa miezi sita ni saa 90 hivi, na kwa saa hizo mtu anaweza kununua, kusalimia, kuuliza njia na kumweleza muuguzi panapouma. Hilo ndilo lengo la mama wa nyumbani, wala si kusoma magazeti.

Je, ujifunze na maandishi yao? Kwa safari ya juma mbili, hapana. Kwa kukaa miezi, ndiyo, hata kama konsonanti 44 zinatisha, irabu hukaa mbele, nyuma, juu na chini, na maneno hayaachiwi nafasi kati yake. Mwenye kuyajua huisoma toni ndani ya neno lenyewe, na mabishano ya ya na yaa humwisha. Tarakimu ziwe za kwanza. Tano ni haa, ndiyo maana kijana Mthai akikuandikia 555 anacheka tu.

Fedha zisikuponyoke. Programu nyingi hutoa siku chache za kujaribu, na zikiisha hukata malipo ya mwaka mzima kwa kadi uliyoandikisha. Kuifuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Lazima uende kwenye orodha ya malipo ya Play Store au App Store ukayasimamishe huko. Andika tarehe kwenye kalenda ya jikoni, siku mbili kabla. Lipa mwezi mmoja kwanza. Na uangalie kama masomo yanaweza kupakuliwa mahali penye intaneti ya bure, maana sauti hula bando.

Mwisho, kuhusu zile programu zinazosikiliza matamshi yako na kukupa alama: zifurahie, usiziamini sana. Jirekodi mwenyewe kwa simu, sikiliza, linganisha na mwalimu. Na kama mna mkwe au rafiki wa biashara kule, weka LINE, kwa kuwa hiyo ndiyo Wathai wanayotumia kuandikiana kuliko WhatsApp, umtumie sauti fupi kila jioni. Anza na yaa, moo na thoong. Mwombe akuandikie alichosikia, si alichodhani ulitaka kusema.