Usiniuzie Kesho

Kuna ugonjwa kwenye ligi za besiboli za fantasi, na wasee wanauita akili. Mchezaji akigonga tu miaka 33, mwenyewe anaanza kumtembeza sokoni kama nyanya za jioni. Badala yake anataka kijana wa miaka 19 ambaye hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu. Ukimuuliza kwa nini, jibu ni neno moja: kipaji. Mimi nasema biashara hiyo mara nyingi ni hasara, na nasema hivyo nikiwa na umri ambao ungetegemea niwashangilie vijana.

Kwa nyinyi mnaocheza fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, huku mambo ni tofauti. Kwenu, Haaland anaweza kuwa kwenye timu yako, ya bosi wako na ya shemeji yako wikendi hiyo hiyo. Kwenye ligi yangu tuko watu 12, na kila mchezaji ana mwenyewe mmoja. Ukimtaka, lazima mbadilishane. Tena ni ligi ya kudumu: msimu ukiisha wachezaji hawarudi sokoni, na unaweza kumiliki hata chipukizi ambaye bado anahangaika kwenye ligi ndogo za Marekani. Kwa hivyo swali haliishi: ubaki na mkongwe anayezalisha leo, ama uchukue chipukizi atakayezalisha labda? Ni kama kutoa ng'ombe anayekamwa ili upewe ndama.

Tuangalie hesabu. Tarehe 31 Agosti 2017, Detroit Tigers walimpeleka mrushaji Justin Verlander kwa Houston Astros, wakapewa vijana watatu. Verlander alikuwa na miaka 34. Franklin Pérez, chipukizi mwenye jina kubwa katika kundi hilo, aliandamwa na majeraha hadi matumaini yakayeyuka. Na mzee je? Alichukua ubingwa na Houston mwaka huo huo. Mwaka 2019 akapata tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora. Akapasuliwa kiwiko, akakosa msimu mzima wa 2021, akarudi 2022 akiwa na miaka 39 na kuinyakua tena, akiruhusu kwa wastani chini ya alama mbili kwa mchezo mzima. Naye Nelson Cruz, msimu wa 2019, ambao ndani yake alitimiza miaka 39, aliutoa mpira nje ya uzio mara 41. Hao ndio mnaowauza kama vyuma chakavu.

Najua mtasema nini: "Na Smoltz je?" Sawa, tumtazame Smoltz. Agosti 1987, Detroit walimtoa John Smoltz wa miaka 20 kwa Atlanta, wakamchukua Doyle Alexander wa miaka 36. Smoltz akaja kuwa nyota, na 2015 akaingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli. Watu wanawacheka Detroit hadi leo. Lakini msimu ule Alexander aliwashindia mechi tisa bila kupoteza hata moja, na Detroit wakaipiku Toronto kileleni mwa kundi kwa mechi mbili pekee. Walihitaji mtu wa mwaka ule, wakampata. Tena Smoltz tunamkumbuka kwa sababu alifika. Brien Taylor, chaguo la kwanza kabisa la mwaka 1991, alipewa na Yankees dola milioni 1.55, akaumia bega 1993, na hakuwahi kucheza ligi kuu hata siku moja. Mbona huyo hamtaji mkibishana?

Basi ukiletewa ofa, uliza kwanza timu yako iko nafasi ya ngapi. Kama unafukuzia kombe, kesho si yako kununua. Kama unaburura mkia, uza mkongwe, lakini kwa bei kamili. Kisha uliza chipukizi amebakiza ngazi ngapi kufika ligi kuu, na kama ni mrushaji, kumbuka bega na kiwiko havisomi utabiri. Halafu achana na cheti cha kuzaliwa cha mkongwe. Tazama kama mpira wake bado una kasi na kama anaingia uwanjani kila zamu yake.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hili: neno "kipaji" linamnufaisha nani? Mwaka 2015, Kris Bryant wa Chicago Cubs aliongoza wote kwa kutoa mpira nje ya uzio kwenye mechi za maandalizi. Klabu ikamrudisha ligi ndogo, ikisema bado ana ya kujifunza. Kule, siku 172 kikosini ni mwaka mzima, na unahitaji miaka sita ndiyo uwe huru. Walimpandisha 17 Aprili. Msimu ukaisha akiwa na siku 171. Alilalamika rasmi, akashindwa 2020. Kuambiwa "hujaiva" kulimgharimu mwaka mzima wa uhuru.

Wenzake wa ngazi za chini walikuwa wakilipwa kama dola 11,000 kwa mwaka, huku wakiitwa hazina ya baadaye. Walipoungana kwenye chama mwaka 2022, mkataba wa 2023 ukapandisha kiwango hicho hadi 26,200. Sifa hazikuwahi kuwaongezea hata senti.

Hapa Nairobi lugha hiyo tunaijua. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo naishi kwa kuandika. Nimesifiwa kipaji na wahariri ambao malipo yao yalikuwa "utajulikana". Marafiki zangu wanafanya tarajali isiyoisha, huku mzee aliyeishikilia ofisi miaka 20 akifukuzwa kupisha "damu changa" itakayolipwa nusu. Mkongwe anadharauliwa na chipukizi halipwi, na mwenye timu ni yule yule. Anayekusifia kesho yako sana, chunga: anatafuta namna ya kutolipa leo yako.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wiki hii jamaa ameniletea ofa: nimpe mrushaji wangu wa miaka 36, anipe kijana wa 19 ambaye eti atatisha 2029. Nimemjibu kwa ufupi. Mzee wangu anarusha leo saa nane usiku, saa za Nairobi. Wako anarusha lini?