Umeinua Jimny, Umeinua Nini?

Wajameni, msinicheke. Hela ya kodi ya nyumba niliimalizia kwenye springi ndefu na shokomzoba mpya, Suzuki Jimny yangu ikapanda inchi 2. Mjini Mwanza nikatamba kweli! Masika tukaenda Magu, ule udongo mweusi wa mbugani ukadaka difu palepale pa siku zote.

Kumbe springi huinua bodi tu na kulipa tairi nafasi lisikwaruze. Difu huinuliwa na tairi, tena kwa nusu: toka 175/80R16 kwenda 235/75R15, tairi limekua karibu inchi 2, difu inapanda 1. Na mshale wa spidi unakudanganya: unasoma 50, wewe uko 53. Mweleze trafiki hayo!

Matairi nanunua mwezi ujao. Mwenye nyumba asisome hapa.