Bata Bukini Uani

Akina mama wenzetu, mahindi yakiwa haba, kuku na watoto hugombea debe moja. Ndiyo maana sisi tunapenda bata bukini: chakula chao kikubwa ni majani mabichi, na jioni huongezewa pumba kidogo. Dume mmoja huwatosha majike watatu au wanne. Jike huatamia kwa siku 28 hadi 32. Vifaranga wapeni joto, majani laini yaliyokatwakatwa, na maji ya kuzamisha mdomo tu. Wasiolelewa na mama yao wasiogelee kabla ya kuota manyoya, watakufa kwa baridi. Usiku wafungieni, kicheche asiwafikie. Ada za shule zikibana, uzeni vijana. Wazazi waacheni, kwani watawazalia miaka mingi.