Utalii wa Kidini Usomwe kwa Lugha ya Mahujaji

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hupendwa sana na watetezi wa sekta ya utalii nchini Kenya, kwa kuwa mgeni huja na fedha. Hata hivyo, si kila mgeni ni mtalii. Wapo wanaofunga safari kwa sababu ya imani, na hao ndio kiini cha uwanja unaozidi kuwavutia wanafunzi wa uzamili na uzamifu: utalii wa kidini na hija.

Uwanja huu una misingi yake. Mwaka 1978 Victor na Edith Turner walichapisha utafiti wao mashuhuri kuhusu hija za Kikristo. Mwaka 1992 Valene Smith alimweka hujaji kwenye ncha moja ya mstari na mtalii kwenye ncha ya pili, utalii wa kidini ukiwa katikati. Tangu mwaka 2013 lipo jarida la kimataifa linaloshughulikia taaluma hii pekee. Mwanafunzi wa Kenya huyasoma haya yote kwa Kiingereza, kisha aghalabu huandika tasnifu yake kwa Kiingereza. Hapo ndipo tatizo huanzia.

Kiswahili kina hazina ya maneno yanayotenganisha safari hizi. Hija, kwa Mwislamu, ni nguzo ya tano ya dini, nayo hutekelezwa Makka katika Mfunguo Tatu. Ziara, pamoja na maana zake nyingine, ni kuwazuru wacha Mungu makaburini mwao. Kwa Mkatoliki, hija yaweza kuwa safari ya Subukia, au mwendo wa miguu kutoka Kenya hadi Namugongo nchini Uganda, ambako mashahidi hukumbukwa kila tarehe 3 Juni. Matembezi ni jambo jingine kabisa. Maneno haya yakitiwa katika kapu moja la utalii, maana hupotea, na maana ikipotea hata takwimu hupotoka.

Mathalani, kila Mfunguo Sita waumini humiminika Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, kuadhimisha Maulidi. Kitovu chake ni Msikiti wa Riyadha, unaohusishwa na Habib Swaleh. Yapo mashindano ya punda na ya mashua, ambayo huwavutia wapiga picha. Ipo pia ziara ya kaburi la Habib Swaleh. Mtafiti akija na hojaji inayouliza, "Je, wewe ni mtalii?" bibi aliyetoka Malindi akafikia kwa jamaa zake atajibu la, naye atakuwa amesema kweli. Mtafiti huyo akihesabu vitanda vya hoteli tu, bibi hatakuwamo katika hesabu yake. Mpango utakaojengwa juu ya tasnifu kama hiyo utamfaa mpiga picha na kumsahau aliyekuja kuzuru.

Hali ni nyeti zaidi katika misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008. Katika Kaya Kinondo, Kwale, iliyofunguliwa kwa wageni mwaka 2001, mgeni hujifunga kaniki na haruhusiwi kutoka na chochote. Kanuni hizo si mapambo ya kumfurahisha mtalii. Ndizo zilizouhifadhi msitu. Mzee wa kaya humweleza mtafiti hayo yote kwa Kiswahili. Tasnifu inapokamilika kwa Kiingereza na kuwekwa maktabani, mzee asiyeijua lugha hiyo hawezi kuisoma, kuikosoa, wala kuitumia anapoutetea msitu wake dhidi ya wanyakuzi wa ardhi.

Wapo watakaodai kuwa Kiingereza humfikisha msomi kwenye ulimwengu wa wataalamu. Dai hilo lina ukweli. Wengine watasema kuwa wazee wa kaya wana lugha zao, kama vile Kidigo na Kigiriama. Hilo nalo ni kweli. Lakini Kiswahili ndicho daraja ambalo mtafiti tayari amelipita akienda. Ni haki alipite pia akirudi.

Kwa hivyo, vyuo vikuu havina budi kuchukua hatua tatu. Kwanza, hojaji na mahojiano yaandaliwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, badala ya kufasiriwa papo hapo. Pili, tasnifu iliyoandikwa kwa Kiingereza iambatanishwe na muhtasari mpana wa Kiswahili, utakaofikishwa kwa jamii husika. Tatu, idara za Utalii, Dini na Kiswahili zishirikiane kuwasimamia wanafunzi wa uwanja huu.

Katiba ya mwaka 2010 iliitangaza lugha hii kuwa ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo utakuwa na maana gani iwapo mwenyeji aliyetoa maarifa hawezi kujua yaliyoandikwa juu ya mahali pake patakatifu? Mgeni na aje, lakini mwenyeji naye asomewe yaliyoandikwa.