Kobalti yetu inapanda ndeke, sisi tunabaki kuangalia juu

Juma lililopita, katika emisyo ya asubuhi, nilisema Lubumbashi inapaswa kuwa na madokta wa vyuma vya ndeke. Telefone zilianza kulia hata sijamaliza. Mama mmoja aliyekimbia vita, ambaye sasa analala chini ya bashi pamoja na wajukuu wake, akaniambia: "Mwanangu, weye unatuletea mambo ya ndeke, na sisi mvua inatunyeshea ndani." Hapo kwenye antena sikupata jibu. Leo naandika kumjibu, pamoja na wale mabwana waliopiga simu kunicheka tu.

Mama ana haki ya kukasirika. Mabwana hawana. Wanasema utafiti wa anga ni kazi ya Wazungu na Wachina, sisi kazi yetu ni kuchimba. Mimi nina diploma ya sekondari na masomo ya uandishi wa habari, si dokta wa kitu chochote, lakini hilo nalikataa.

Ndani ya injini ya ndeke kubwa kuna mapanga madogo yanayozunguka katika gesi yenye joto linalopita kiwango cha kuyeyusha chuma chao wenyewe. Hayayeyuki kwa sababu yametobolewa vijitundu vya kupitisha hewa ya kuyapoza, na kwa sababu chuma hicho ni mchanganyiko maalumu wa nikeli na vyuma vingine, mara nyingi kobalti ikiwemo. Congo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na karibu yote inatoka Lualaba na hapa kwetu Haut-Katanga. Ndeke za umeme ambazo watafiti wanazihangaikia sasa zinataka betri, na aina nyingi za betri zinataka kobalti hiyo hiyo.

Wazee wa Kolwezi wanaukumbuka Mei 1978. Waasi waliingia mji tarehe 13, wanajeshi wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli tarehe 19. Watu walikufa, familia zikatawanyika, wengine hawakurudi tena nyumbani. Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwanzo wa mwaka ule ratili moja ya kobalti iliuzwa chini ya dola 7. Mwaka 1979 bei rasmi ilikuwa dola 25. Marekani wakaogopa kwa ajili ya injini zao. Shirika lao la anga, NASA, likafungua programu iliyoitwa COSAM, huko Cleveland, Ohio, kutafuta namna ya kupunguza kobalti na vyuma vingine adimu ndani ya injini za ndeke. Vyuo vikuu viliingizwa, na makaratasi ya kisayansi yakaandikwa. Maiti zilikuwa zetu, na masomo yaliyotokana nazo yalifanyika kwao. Kutoka Kolwezi mpaka Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni karibu kilomita 300 tu!

Siku moja baada ya wale askari kushuka Kolwezi, yaani tarehe 20 Mei 1978, kaskazini ya Katanga hii hii, kwenye milima ya mto Luvua, kampuni ya Wajerumani iitwayo OTRAG ilirusha roketi. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilipanda Mei 1977. Mobutu alikuwa amewapa ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 100,000. Tarehe 5 Juni alikuja mwenyewe kuangalia ya tatu, ikapotea njia na kuanguka. Mwaka 1979, kwa shinikizo la mataifa ya nje, akawafukuza, nao wakahamia Libya. Tukabaki na hadithi. Hakuna aliyeuliza ni vijana wangapi wa Shaba walifundishwa kusoma hesabu za injini zile.

Kwa hiyo msiniambie anga haituhusu. Ilikwisha kutuhusu bila sisi kualikwa.

Na weye Mama, pengine umekwisha kuisikia sauti ya drone usiku juu ya paa. Umoja wa Mataifa ulianza kurusha zake Goma Desemba 2013, za kupeleleza. Leo pande zote za vita ya Kivu zinalaumiana juu ya drone zinazobeba mabomu. Watoto wako wanakimbia kitu ambacho nchini mwetu hatuna watu wa kutosha wa kukichunguza kinapoanguka, kusema kimetengenezwa wapi na chuma chake kimetoka wapi. Hiyo nayo ni kazi ya dokta.

Namjua kijana mmoja aliyemaliza metalirji. Alitaka kufanya doktora juu ya vyuma vya joto kali. Hakukuwa na pesa, wala darubini ya kazi hiyo. Leo anahesabu makamyo kwenye geti la mgodi, anaandika namba za plaki kwenye daftari.

Mabwana watasema pesa hakuna. Pesa iko. Sheria ya madini ya 2018 iliruhusu kobalti kuitwa madini ya kimkakati, na ushuru wake ukawa asilimia 10. Katika ushuru huo, nusu inakwenda Kinshasa, asilimia 25 jimboni, 15 kwa maeneo yanayochimbwa, na 10 inawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo, FOMIN. Kizazi kijacho ni nani kama si yule kijana wa getini, na wale wajukuu walio chini ya bashi?

Ninachoomba kinaweza kuhesabika. Viti vya doktora katika Polytechnique ya UNILU, vilipwe na mfuko huo, kila mwaka, na majina yasomwe redioni. Baadhi ya viti viwe vya watoto wa familia zilizokimbia, maana wengi wao waliacha masomo katikati. Na paa la Mama lisingoje doktora ya mtu. Hilo lilipaswa kutengenezwa jana kwa asilimia 25 ya jimbo.

Wabunge wa jimbo wanapita redioni kwetu mara kwa mara. Atakayekuja mara ijayo nitamuuliza sehemu ya FOMIN imelipia masomo ya nani. Nanyi pigeni simu mumuulize, antena iko wazi.