Mtoto kabanwa kitini, dude linampumulia!

Hivi jamani, sinema ya kutisha watu wazima unaipelekaje kwenye bustani ya watoto? Disney walijaribu kule Florida. Mwaka 1995, ndani ya Magic Kingdom, palepale kwa Mickey Mouse, wakafungua onyesho la Alien Encounter. Mwanzo walitaka kulitumia lile dude la sinema ya Alien ya 1979, wakaishia kutunga la kwao. Vitisho havikupungua: unakaa, unabanwa mabega, taa zinazimwa, dude limetoroka, mara unasikia pumzi shingoni na majimaji yanakudondokea. Weee!

Mie sina ugomvi na sinema za kutisha, nazipenda mno. Ila ukumbi wa sinema mtoto akiogopa unambeba, mnatoka zenu. Kule kabanwa, giza totoro, na wewe mzazi umebanwa kiti cha pili, humfikii! Onyo lilikuwepo mlangoni, sawa, lakini mtoto keshaona jina la Disney, ataogopa nini?

Majirani zao Universal walitumia akili: tangu 1991 usiku wa vitisho vya Halloween una tiketi yake pekee. Disney walifunga lao 2003, na mwaka uliofuata ukumbi uleule akapewa Stitch, yule wa katuni.