Mwambie mwenzako wa chumba kwamba una selimundu

Ifikapo Oktoba na Novemba, stendi za mabasi za Shinyanga, Kahama na Geita hujaa vijana wanaokwenda kuanza mwaka wa kwanza chuoni. Wapo wanaoishia karibu, Kizumbi, kwenye tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, au Mwanza. Wengine hupanda basi hadi Dodoma, Dar es Salaam, Iringa au Mbeya. Mzazi hukagua mzigo: godoro, ndoo, mashuka, vyeti. Katika baadhi ya familia kuna kifurushi kingine kinachofichwa chini kabisa ya begi. Hizo ni dawa za selimundu, na huondoka na wosia mmoja: "Usimwambie mtu."

Safu hii leo inamwomba mzazi aufute wosia huo.

Selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, si ugonjwa wa watu wachache Kanda ya Ziwa. Utafiti wa damu za watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa nchi yetu, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO), ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha ugonjwa huu, na zaidi ya mmoja kati ya 100 anaugua. Zamani wengi wa watoto hao hawakufikisha miaka mitano. Leo, kwa sababu ya kliniki, chanjo, kinga ya malaria na dawa kama haidroksiyurea, wengi zaidi wanakua, wanafaulu na wanapata nafasi chuo kikuu. Hiyo ni furaha kubwa. Lakini kwa miaka 18 au 20 aliyekuwa akiamka usiku kumpa maji na kumpeleka hospitali ni mama. Bwenini mama hayupo. Aliyepo ni kijana anayelala kitanda cha juu.

Kijana huyo asipojua, hukosea kwa nia njema. Mwenzake akishikwa na homa, hukimbilia duka la dawa kumnunulia dawa ya malaria, wanasubiri pamoja hadi asubuhi. Kwa mgonjwa wa selimundu kusubiri huko ni hatari. Bandama yake kwa kawaida imeshadhoofika, hivyo bakteria wanaweza kusambaa kwenye damu kwa muda mfupi. Maumivu ya mifupa nayo hayana jeraha la kuonyesha, kwa hiyo wapo watakaosema anadeka. Akimeza dawa kali za maumivu, watasema ameanza kutumia dawa za kulevya. Wengine watanong'ona kwamba amerogwa. Maneno hayo humfanya ajifungie peke yake saa ambayo anahitaji watu.

Wala tusidhani vijana wetu hawana moyo wa kusaidiana. Waliopita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanalijua neno "kubebana": aliyepata kitanda humpokea aliyekosa, wakalala wawili hadi mwisho wa mwaka. Vyumba vya hosteli na mageto ya mtaani huchangia sufuria, unga na hata nauli ya kwenda nyumbani kwenye msiba. Watu wanaogawana godoro hawashindwi kumwangalia mwenzao usiku mmoja. Kinachokosekana ni kuambiwa tu.

Mwanafunzi si lazima atangaze darasani. Ugonjwa ni wake, na ni yeye anayechagua wa kumwambia. Tunashauri watu watatu: mwenzake mmoja wa chumba anayemwamini, zahanati ya chuo, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ofisi hiyo ndiyo inayoweza kumpangia chumba cha ghorofa ya chini na kitanda cha chini, asipande ngazi na ndoo ya maji kila asubuhi.

Mwenzake wa chumba ajue mambo machache. Mgonjwa anahitaji maji mengi, lita mbili hadi tatu kwa siku, kwa hiyo bomba likikauka ndoo yake ya kunywa isifuliwe nguo. Baridi huamsha maumivu: kijana aliyezoea joto la Shinyanga akifika Iringa au Mbeya anahitaji blanketi zito na maji ya moto ya kuoga. Alale ndani ya chandarua, kwa sababu malaria humdhuru zaidi kuliko wenzake. Maumivu yakianza, apewe maji, afunikwe apate joto, anywe dawa aliyoandikiwa na apumzike. Asiwekewe barafu.

Zipo dalili zisizosubiri kuche. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ulimi kuwa mzito ghafla, au maumivu yasiyotulia baada ya dawa. Kwa wavulana, uume kusimama kwa maumivu kwa saa mbili au zaidi ni dharura pia, na aibu isimchelewesha mtu. Hapo itafutwe bajaji au gari mara moja, na wakifika hospitali wamwambie mhudumu neno la kwanza: "Ana selimundu."

Mzazi, kabla basi halijaondoka, mpe mwanao nakala ya cheti cha kliniki, kadi ya bima na namba ya simu ya daktari wake. Ulizia mapema kliniki ya selimundu iliyo karibu na chuo, ili asikatishe dawa. Kisha, ukipata nafasi, mpigie simu huyo mwenzake wa chumba. Msalimie, mshukuru, mwachie namba yako.

Serikali za wanafunzi nazo zina wizara za afya. Wiki ya kuwapokea wa mwaka wa kwanza, ziwafundishe wote dalili hizo, na ziitishe uchangiaji wa damu, kwani wagonjwa hawa ni miongoni mwa wanaoihitaji mara kwa mara.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanao amevuka utoto ambao wengi hawakuuvuka. Asipotezwe na siri, ndani ya chumba chenye wenzake watatu ambao wangemsaidia laiti wangejua.